Kundi la Mzee Yacoob

Apollinaire alisimama mbele ya matangi ya duka la samaki huko Pinetown, miguu ikimuuma, akiwatazama kromisi kama mia hivi wakigeuka wote kwa mpigo mmoja. Mteja yeyote akiwaona pale huwapenda. Apollinaire hakuwa mteja. Kazi yake ilikuwa kutunza matangi ya maji ya chumvi majumbani mwa watu, na wale samaki wadogo wa kijani alikuwa amewachoka hadi kichefuchefu.

Dukani hushikamana kwa sababu wamebanana na wanaogopa. Wapeleke nyumbani, wape nafasi na matumbawe ya kujificha, basi hofu ikishawatoka kila mmoja anataka kona yake. Mwenye nguvu humwandama mnyonge mpaka afe, kisha humgeukia mwingine. Apollinaire aliyajua hayo yote, na bado ndiye aliyemchagulia mzee Yacoob wa Chatsworth kromisi saba. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, na mkewe alisema mumewe anataka kundi la kulitazama akiwa kitandani. Utamkataliaje mgonjwa? Kosa lilianzia hapo.

Tangu wakati huo Fathima, mke wa mzee, alikuwa akiamka alfajiri kuopoa waliokufa kwa wavu mdogo. Kisha humpigia simu Apollinaire, naye hukurupuka kutoka kwake Sydenham, apitie dukani, afike na wengine kabla ya saa nne, kwa kuwa dawa humlaza mzee hadi saa hizo. Mzee akifungua macho, anahesabu: saba. Miezi minne walikuwa wakienda hivyo, na Apollinaire alianza kuichukia sauti ya simu yake mwenyewe.

Siku hiyo alipopigiwa, aliwapita kromisi. Akawaza samaki wa anthia, warembo kwelikweli, lakini hao hutaka kulishwa mara kadhaa kwa siku, na Fathima hata yeye mwenyewe kula alikuwa akisahau. Mwishowe akachukua samaki watano wa kadinali wenye madoa, wapole, wasio na haraka ya kwenda popote. Hawakufanana na kromisi hata kidogo. Ingebidi aseme ukweli, yaishe.

Alipofika alimkuta mzee tayari yuko macho. Fathima alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, usingizi umemchukua, wavu ungali mkononi. Tangini walibaki wawili. Mzee akauliza kwa sauti ya chini wamekufa wangapi tangu mwanzo.

"Siwezi kukudanganya tena, papa Yacoob," Apollinaire alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Bamekufa ishirini na tatu. Mama alikuwa anabatosha majini mbele uamuke, na miye naleta bengine. Pardon."

Alingoja kufukuzwa, na kwa uchovu aliokuwa nao angeshukuru. Mzee alimtazama mkewe.

"Kwani mimi nina haja gani na samaki, Apollinaire? Nilidhani yeye ndiye anayewapenda. Kila siku nawahesabu kwa sauti ili afurahi."

Apollinaire alisogea hadi kwenye tangi. Akauinua mfuko wa kadinali, akauliza awafanyeje hawa.

"Waweke, maadamu umeshawaleta," mzee alisema. "Lakini polepole. Usimwamshe."