Kifaransa Nilichosukumiwa

Hasira zangu bado hazijaisha, lakini wacha niwaambie. Mimi hufundisha historia katika shule moja ya wasichana hapa mjini Wote. Mwalimu wa Kifaransa alipoenda likizo ya uzazi, mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Madam Mwende, utashika Kifaransa. Si uliwahi kukisoma?"

Nilikisoma nusu muhula tu, nikiwa kidato cha kwanza! Nilitoka nikabamiza mlango.

Basi nikafundisha nimenuna. Majina ya masomo hayakunisumbua. Kilichonitoa jasho ni wakati uliopita. Niliandika ubaoni sentensi ya "mwalimu wetu alifundisha historia," nikawaamuru wasichana waikariri. Mutheu, anayekaa mbele, akainua mkono.

"Madam, kwa kitabu ni *enseigné*. Wewe umeandika *saigné*."

"Nani mwalimu hapa?" nilimfokea. "Kaa chini!"

Ijumaa mkuu akaingia darasani na mgeni, mama aliyeishi Kongo miaka mingi. Nilitaka mkuu aone kwamba hata kazi ya kusukumiwa naiweza. Nikagonga meza, na darasa zima likapaza sauti: "*Notre professeur a saigné l'histoire!*" Nikawaambia warudie, kwa nguvu zaidi.

Mgeni akanishika mkono kwa huruma.

"Pole sana, mwalimu. Umeumia wapi? Wanasema umetoka damu, sijui na historia imefanyaje."

Na mkuu, mwanamke asiyejua Kifaransa hata cha salamu, akazunguka nyuma yangu na kuanza kukagua sketi yangu mbele ya darasa.