Kemigisha na Makala ya Thelathini na Moja

Saa mbili asubuhi, kijijini Ihembe, Karagwe. Kemigisha Rwegoshora anashuka kwenye bodaboda, anakung'uta vumbi kwenye sketi na kupiga hodi kwa Benadeta Placidius. Mkononi ana dodoso la maswali ishirini. Ndani ya mkoba ana makala ya kitaalamu ambayo kwa wiki tatu imemkosesha amani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo utatafuna kahawa, au bado umefungwa mdomo?"

Kikapu kidogo chenye punje za kahawa kinasogezwa. Kemigisha anachukua mbili, anatafuna. Mwaka jana alikataa.

Kemigisha, 29, mkazi wa Bugene, ni mhudumu wa utengamao. Hupita nyumba kwa nyumba Karagwe na Kyerwa akiwafanyisha mazoezi watu waliopooza au kudhoofika viungo. Tisa kati yao wana multiple sclerosis, ugonjwa unaoshambulia neva za ubongo na uti wa mgongo. Leo mguu unakubali, kesho unagoma.

Mwaka jana Dk. Eseri Nuwamanya, mtafiti wa saikolojia ya utengamao mwenye makala thelathini kwenye majarida ya kisayansi, alimwomba awahoji hao tisa kuhusu huzuni na uchovu. Sharti moja liliandikwa kwa wino mzito: mhojaji asile wala kunywa chochote kwa mgonjwa, majibu yasije yakapindishwa na ukarimu.

"Nilitii," anasema Kemigisha. "Lakini mimi ni wa hapa. Mgeni asiyetafuna kahawa ni wa kusalimiwa tu. Akiuliza habari, ni nzuri. Akiuliza huzuni, hakuna. Nilijua, na bado nikaandika."

Wote tisa walijibu kuwa hawana huzuni. Makala ya thelathini na moja ikachapishwa, ikisifu utulivu wa moyo wa wagonjwa hawa.

Sasa mradi unaowahudumia unataka kufuta kikao cha Alhamisi, ambapo wagonjwa hukutana Kayanga na mshauri. Watu wasio na huzuni, mshauri wa nini?

Kemigisha anasoma swali la nne: ni mara ngapi umejiona huna thamani?

Benadeta, 47, anatazama migomba. Mumewe, Fidele, anacheka akiwa kizingitini. "Mwambie ukweli, usije ukachapishwa tena ukiwa malaika!"

"Kila siku," anasema Benadeta taratibu. "Tangu nishindwe kuchuma kahawa yangu mwenyewe. Mwaka jana nilikwambia sina shida. Sikukudanganya. Na leo sikudanganyi."

Kalamu inasimama. "Sasa niandike lipi, mama?"

"Si wewe ndiye uliyesoma?"

Hadi sasa Kemigisha amerudia nyumba sita, kwa hiari yake, siku zake za mapumziko. Katika zote sita majibu yamegeuka. Hilo halijamtuliza, limemvuruga zaidi.

"Wamesikia kikao kinafutwa," anasema. "Huenda wananipa huzuni kwa sababu wanajua ndiyo ninayoitafuta. Au ni kahawa, kama daktari alivyohofia. Au ndiyo kweli yenyewe. Nikilala naamini hivi, nikiamka naamini vile."

Alimpigia simu Dk. Nuwamanya. Akamweleza majibu mapya, akamwomba asahihishe makala.

"Kemigisha, kwenye makala ile jina ni langu. Unaelewa unaniomba nini?"

"Naelewa, daktari. Lakini Alhamisi ni yao."

Mtafiti hakuahidi kusahihisha. Alitaka madodoso yote, ya zamani na mapya, bila kufuta hata alama moja. Mengine, alisema, watayazungumza kwenye mkutano wa mradi, Ijumaa.

Kemigisha atakwenda. Hana hotuba, na hatadai kwamba majibu mapya ndiyo sahihi.

"Sijui lipi ni sahihi," anasema akikunja dodoso la Benadeta. "Nitasema ninachokijua: niliona kosa la sharti lile siku ya kwanza, nikanyamaza. Wakiniondoa kazini, sawa. Kikao cha Alhamisi wasikiguse."