Mama wa Kituo cha Nne

Ijumaa Kuu parokiani kwetu hatuisomi tu Njia ya Msalaba, tunaiigiza. Tunaanzia uwanja wa kanisa, kwa Pilato, kisha tunapanda kilima cha mawe hadi juu ambako ziwa lote linaonekana. Kila kituo kina jiwe lake. Mimi nilikuwa Bikira Maria, na si kwa mwaka mmoja wala miwili. Katika jumuiya yetu wanawake wanaitwa kwa majina ya watoto wao, na mimi, ambaye sina mtoto, walikuwa wakiniita Mama wa Kituo cha Nne, kwa kuwa hapo ndipo Yesu anapokutana na mama yake, na hapo ndipo nilipokuwa nikilia mpaka wanaume wanatazama pembeni.

Kulia sikufundishwa. Mimi na mume wangu tumezunguka hospitali na maombi mpaka tumechoka hata kulizungumzia. Lakini kila Ijumaa Kuu yule kijana fundi simu, Yesu wetu, alifika pale na msalaba begani, nikamkumbatia, na kwa kuwa kituo cha nne hakina maneno ya kusema kwa sauti, aliniambia sikioni, "Shikamoo mama." Nami nikamjibu, "Marahaba mwanangu." Najua, hata barabarani vijana wananiamkia hivyo hivyo. Lakini huyu nilikuwa nimemshika mikononi. Shikamoo ile moja ilinifikisha hadi Kwaresima nyingine.

Kwaresima iliyopita, Jumatano ya Majivu, majivu bado yapo kwenye paji la uso, katekista akaniita pembeni.

"Dada, mwaka huu tumwachie mwenzako naye ajaribu."

"Mwenzangu yupi?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Mke wa mwalimu, wamehamia Ilemela juzi tu kutoka upande wa Mara. Ana watoto wanne. Wanne! Mmoja mgongoni, mmoja kiunoni, na wawili wanavuta kanga. Na bado alimtaka na wa kwangu.

"Na mimi?"

"Wewe utakaa kwenye umati, pale kwa Pilato. Una sauti."

Nilisema sawa, nikaenda nyumbani, nikavunja sahani ambayo haikuwa na kosa lolote.

Nilifunga, tusisingiziane. Niliacha sukari, niliacha soda. Ijumaa sikugusa nyama, ingawa kwa sisi wa kando ya ziwa kuacha nyama ukala sato wa kuchemsha ni funga ya kumchekesha Mungu. Wivu tu ndio ulionishinda kuuacha. Nilikula nao, nikalala nao, nikaenda nao Misa. Mwisho nikaupeleka kwenye maungamo, na padre akaniambia nimwombee mwenzangu kila siku. Nikamwombea. Nilimwombea mafua, ya Ijumaa Kuu peke yake, maana mimi si mtu mbaya kiasi hicho.

Hakuugua. Juma Kuu akaja kwangu kuchukua shuka la bluu la Maria, ambalo miaka yote nililitunza sandukuni pamoja na kipande cha sabuni ya kunukia.

"Dada, naomba unifundishe," akasema. "Wanasema hakuna anayelia kama wewe. Unafanyaje?"

"Yanakuja yenyewe," nikamwambia, nikampa shuka bila kulipiga pasi.

Ijumaa Kuu jua lilichoma mawe mpaka wazee wakaomba miavuli. Pilato alipotuuliza tumfanyie nini mtu huyu, nilipaza sauti hadi waliosimama mbele wakageuka. "Msulubishe!" Sikuhitaji mazoezi. Tukaanza kupanda, sisi wa umati tukizomea kama tulivyoagizwa.

Kituo cha nne nilisukumana mpaka mbele. Yule mwenzangu akalia, na alilia vibaya, kwa kwikwi za mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Lakini mimi sikuwa naangalia machozi yake. Nilikuwa naangalia midomo ya kijana. Akamkumbatia, akainamisha kichwa sikioni mwake, na midomo ikacheza.

Nilichukia. Sina neno lingine la adabu. Watu wote walikuwa wamenyamaza kwa uchungu, akina mama wanafuta macho kwa ncha za kanga, na mimi nikaanza upya, peke yangu. "Msulubishe! Msulubishe!" Jirani yangu akanivuta mkono, akaninong'oneza kwamba sehemu ile tulishaipita. Nikauondoa mkono wake.

Juu ya kituo kile njia inabana kati ya mawe mawili, na lazima apite mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nimebanwa kwenye jiwe, na Yesu wetu ikabidi apite karibu yangu kabisa, jasho na rangi nyekundu vikimtiririka hadi shingoni. Alipofika usawa wangu akapunguza hatua. Akainua uso.

"Shikamoo mama," akasema, taratibu, kwa sauti ile ile ya sikioni. Akasubiri.

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. "Msulubishe!" nikamwitikia, na mate yakamrukia shavuni.

Akaniangalia kidogo. Askari nyuma yake akamsukuma, kama ilivyopangwa, akaenda.

Tulipomaliza na kushuka, katekista alinifuata mbio, amefurahi, anataka kila mtu asikie. "Dada, leo umetuigizia! Mwakani hatukutoi hapo." Watu wakacheka, wakanipongeza. Upande wa pili wa uwanja kijana alikuwa ameinama juu ya ndoo, ananawa uso, na yule mwenzangu, na mtoto wake mgongoni, ndiye aliyekuwa akimmiminia maji.