Wanamwoza Binti wa Baba Mkubwa kwa Malori

Admin, jina langu usiliweke, wala la shule yangu, maana Lubumbashi hii tunajuana. Nina miaka kumi na saba. Tunakaa Golf, mtaa wa wenye pesa, na kusema ukweli nimelelewa kwa kudeka: dereva, nguo za Dubai, hata bukari, ugali wetu, naletewa mezani. Shida za watu nilikuwa naziona kwenye simu tu.

Baba ni mfanyabiashara wa jumla, asili yetu Butembo. Vita ya Kivu ilipofunga barabara, magari yake yalikwama huko na depo ikabaki tupu. Ndipo akafika Neema, binti wa kaka yake mkubwa, rika langu. Walipotezana na wazazi wake wakati wa kukimbia, na hadi leo hatujui kama wako hai. Mama alimsimamisha mbele ya kanisa, akatoa ushuhuda, watu wakalia na kumsifu mama. Nyumbani akampa kazi ya mpishi tuliyemwachisha. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anasema na kucheka. Mimi nilianza kuingia jikoni kwa aibu tu, Neema akanifundisha kusonga bukari, tukawa dada kweli.

Mwezi uliopita akaja mzee mwenye malori, rafiki mpya wa baba. Anamzidi baba umri. Alikula samaki wa Neema, akalamba vidole, kisha kwa vidole hivyohivyo akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anachagua mbuzi sokoni. Baba akatabasamu! Nilikwenda kutapika, si utani.

Jumamosi hii ni dote ya Neema na huyo mzee, wanapokea mahari. Kwa desturi yetu msichana anaulizwa mbele ya familia zote mbili kama kinywaji cha wageni kinywewe. Akichukua glasi na kumpa baba, amekubali, basi. Mama amenichagua mimi nimpeleke. "Umulete muzuri, asilie mbele ya bantu," ananiambia huku anajipaka wanja. Siku hizi hata manukato yake siyavumilii.

Nilimwambia Neema akatae. Akasema, "Nikikatala, nitalala wapi? Baba yangu angekuwa hapa, bangesubutu? Sema weye. Weye iko na baba."

Basi jana nikamfuata baba sebuleni. "Papa, kama ule muzee angenitaka miye, ungekubali?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Weye? Weye uko mutoto yangu!"

Kisha akarudi kwenye simu, akamuuliza mkwe wake malori yatatoka lini. Mkwe! Nilisikia kinyaa. Huyu ndiye mtu niliyekuwa najivunia shuleni.

Mama amesikia maneno yangu. Ameapa kwamba nikifungua mdomo siku hiyo, tutatoka getini wote wawili, mimi na Neema, na nguo tulizovaa. Sijawahi kujitafutia hata chakula cha siku moja. Lakini nikinyamaza, nitakaa meza moja na hawa watu maisha yangu yote, na nitakula nini pale?

Ninyi mliowahi kuwapinga wazazi wenu mbele ya watu, nipeni akili, niseme au ninyamaze? Msikawie. Neema yuko uani sasa hivi, mama amemwambia apige pasi nguo yake ya Jumamosi.