Uso Nilioumalizia

Kaleb wa mradi wa msitu alijua kwamba mtu aliyepigwa picha na kamera yao hakuonekana uso. Alijua, akanyamaza, na mdogo wangu Hiza akachukuliwa. Huo ndio ubaya niliotendewa.

Mimi ni Tatu binti Mwinjuma, wa Sindeni. Shule sikwenda, baba aliuliza mbuzi watachungwa na nani. Nilichojua ni kufinyanga vyungu na kuvitia nakshi shingoni kwa gunzi la mahindi, kama mama alivyonionyesha. Vyungu hivyo ndivyo vilivyomleta Kaleb kwangu. Mradi ulikuwa umefunga kamera kwenye miti ya msitu wa kijiji, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita. Walitaka michoro ya kubandika madarasani, maana picha zenyewe watoto hawakuzielewa: giza, kwato, kitako cha mnyama, basi.

Alinipa penseli, karatasi na bahasha ya picha. Mwezi wa kwanza wa kazi funo wangu, yule swala mdogo wa msituni, alikuwa kiazi chenye miguu. Hiza, ninayeishi naye tangu mke wake afariki, alichungulia akauliza kama huyo anapikwa kwa chumvi au kwa nazi.

Ndipo Kaleb akanifundisha njia. Kamera haimngoji mnyama, alisema, inamkata kichwa au mgongo.

"Mama, usimwache nusu. Tazama anayefanana naye hapo nyumbani, ummalizie."

Basi funo nikammalizia kwa mbuzi wangu, kanu, yule mnyama wa usiku mwenye madoa, kwa paka wa jirani. Nguruwe pori alikaa wiki tatu bila pua, maana kwetu Waislamu nguruwe wa kumtazama ningempata wapi, mpaka Kaleb alipoleta picha nyingine. Polepole mkono ukazoea. Nikiona mguu mmoja umebeba uzito, nilijua bega limekwenda wapi na shingo imegeukia wapi. Kwa mara ya kwanza maishani watu walikuja kwangu kutazama kitu, si kuniagiza kitu.

Mwezi wa tatu, ndani ya bahasha, kulikuwa na picha ya mtu. Ilionyesha kifuani kwenda chini: suruali iliyokunjwa, viatu vya matairi, funo aliyekufa akining'inia mkononi. Nadhani iliingia humo kwa bahati mbaya. Mimi sikuambiwa ipi nichore na ipi niache. Nikafanya nilivyofundishwa. Hiza alikuwa mbele yangu anamenya mihogo, nikamtazama, nikammalizia yule mtu kwa uso wake, mpaka na kovu la nyusi.

Alipouona alicheka hadi kisu kikamwanguka.

"Dada, mimi na funo? Kuku wetu wenyewe wananishinda kuwakamata."

Kaleb alikuja Ijumaa, akaikunja michoro yote pamoja bila kuipitia, akaondoka nayo kwa pikipiki.

Siku ya tisa walikuja askari wa msitu, wanamtafuta mwindaji haramu, na karatasi yangu waliyopewa na ofisi ya mradi. Hawakuuliza nyumba, walilinganisha uso tu. Wakaniuliza kama mchoro ni wa mkono wangu. Nikasema ni wangu, ningesema nini? Nikaeleza kwamba kwenye picha hapakuwa na kichwa, kwamba nilimtazama Hiza kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Mmoja akasema, basi unakubali ni yeye. Kila nilichosema kilizidi kumkaza. Mwisho wakanishika kidole gumba, nikakibandika kwenye maandishi nisiyoweza kuyasoma, na Hiza wakaondoka naye.

Kaleb alikuwa amehamishiwa Korogwe. Nilimfuata, nikakaa siku mbili mbele ya geti la ofisi yao. Siku ya pili jioni akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile picha ya mtu ina kichwa?"

Akatazama nyuma yake kwanza. "Haina, mama."

"Umewaambia?"

"Mkubwa wangu amesema tusiingilie. Na mimi nina kibarua changu, mama, nina watoto."

Nilimwomba basi anipe hiyo picha niipeleke mwenyewe. Akasema ni mali ya ofisi. Akaniita mama mara nyingi sana siku ile. Nikapanda gari nikarudi Sindeni, na mpaka leo sijui nilipaswa kufanya nini kingine.

Hiza yuko mahabusu tangu mwezi wa nne. Kesi imeahirishwa mara nne, kila mara wanasema shahidi wa mradi hakufika. Nikienda kumwona huniuliza mihogo imekuaje, wala hanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Natazama miguu yake. Juu siwezi, uso ule nimeushika mno mkononi. Hakimu ana karatasi yangu, na karatasi yangu inasema kitu ambacho kamera haikukiona.

Kwa mradi sidai chochote. Namdai Kaleb. Mimi na Hiza tunamdai ile picha iliyokatwa kifuani, iwekwe mezani kando ya mchoro wangu. Na yale maneno mawili aliyoniambia mimi peke yangu getini, ayaseme mbele ya hakimu, kisha aseme nani alinifundisha kumalizia. Kesi itasikilizwa tena tarehe kumi na nne. Nimempelekea habari kwa watu watatu. Hajajibu.