Taa ya Kijani ya Kwedizinga

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Maji pale Korogwe hakunipa spana. Alinipa ndoo, akaniambia nikapange foleni kwenye kisima cha pampu ya mkono pamoja na akina mama. Nilidhani ananidhihaki, maana cheti changu cha ufundi kilikuwa bado kipya. Niliporudi na maji, jua likiwa utosini, aliniuliza, "Umechoka wapi?" Nikamwonyesha mabega, kwa kusukuma mpini.

"Basi pampu hiyo ina shida. Kaifungue."

Kweli, nilikuta ile ngozi ya mviringo inayobana maji ndani ya bomba imelika. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Nikafanya kazi Dindira na Lutindi, ambako maji hushuka yenyewe kutoka mlimani, kisha Handeni, ambako unayafuata chini ardhini.

Nilipostaafu serikalini, kampuni changa ya Dar es Salaam, ninyi vijana mnaziita startapu, ikaniajiri. Wenyewe walikuwa na akili, hilo siwanyimi. Walibuni kifaa cha kufunga kwenye mpini wa pampu. Mpini ukipanda na kushuka, taa ya kijani inawaka kwenye skrini ofisini kwao. Ukitulia, inawaka nyekundu. Nilikipenda mno. Nilikifunga kijijini Kwedizinga, kulekule Handeni, kwa mikono yangu, nikawaahidi watu kwamba maji yakikatika tutajua siku hiyo hiyo.

Kiangazi kikali kikaingia. Mkurugenzi wao, umri wa kitinda mimba wangu, akanipigia akicheka kwa furaha: Kwedizinga inaongoza, kijani tangu alfajiri hadi jioni. Mimi sikucheka; mpini usiopumzika wakati wa kiangazi ulinitia shaka. Nikachukua bodaboda.

Kisima kikikauka, watu wa kule hawakiachi. Hupokezana mpini asubuhi nzima, wakiyangoja maji yapande. Nilimkuta Mama Zaituni, mwenyekiti wa kamati ya maji, yuko zamu. Mpini haukupumzika, na ndoo zote zilikuwa tupu. Siku ya tano hiyo walikuwa wakichota kwenye dimbwi la ng'ombe.

"Mzee, ulisema mtajua," akaniambia.

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kazini. Nikampigia Mkurugenzi palepale, nikamweleza kwamba kifaa kihamishiwe mdomoni mwa pampu, kihisi maji badala ya mikono ya watu. Hakubisha.

"Wazo zuri, Mzee. Lakini wawekezaji wanakuja Ijumaa. Tuache kijani ibaki kwanza."

"Mwanangu, kijani hiyo hainyweki," nikamjibu, na kazi yao nikaiacha siku ile.

Kesho yake nikarudi na spana zangu mwenyewe. Maji yalikuwa yameshuka chini ya silinda, kile chumba cha chuma kinachoyavuta. Tukaongeza bomba ili silinda iyafikie, tukabadili ngozi. Safari hii spana alishika Mama Zaituni na wenzake, mimi nikielekeza kwa mdomo, nikiwakosoa bila huruma. Jioni maji yakatoka.

Sasa nimestaafu mara ya pili. Msidhani nachukia teknolojia. Mezani kwangu nina kifaa ninachokichokonoa, cha kukaa mdomoni mwa pampu, na kitafanya kazi. Ila kabla sijakifunga popote, nitapanga foleni na ndoo.

Juzi Mama Zaituni alinipigia. Nikakurupuka kutafuta spana, nikamuuliza pampu ina nini.

"Nzima, Mzee. Tuliifungua jana tukabadili ngozi. Nimepiga kukusalimia tu."