Kidole cha Lemuel Crenshaw

Obadiah Tuggle alikuwa mhunzi wa Tamar Spring, bara ya Carolina ya Kusini huko Marekani, na hadi anazeeka watu walimshangaa kwa jambo moja: alikuwa na mikono yote miwili. Mtu aliyeshindilia mzinga miaka kumi na saba kubaki na mikono miwili si jambo dogo. Ukimsifu alikukatiza.

“Mikono hii si yangu,” husema. “Ni ya kidole cha Lemuel Crenshaw.”

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzinga ukishalipuka, tumboni mwake hubaki cheche. Mmoja husafisha kwa brashi ya maji, kisha hushindilia baruti mpya kwa mti mrefu, huku mwenzake nyuma ameziba kwa kidole gumba kile kitundu cha kuwashia. Akiziba sawasawa, hewa haipiti na cheche zinakufa. Akiachia, hata kwa kupiga chafya, baruti inawaka na mikono ya mshindiliaji inakwenda nayo. Obadiah na Lemuel walijifunza kazi hiyo ngomeni pwani, wakati wa vita vya pili na Waingereza, wakiwa vijana wasiojua hata kunyoa ndevu vizuri.

Ah, lakini siku zile baada ya vita! Mkewe Keziah alijifungua binti mwaka wa amani, wakamwita Columbia, jina la kishairi la Marekani, kwa kuipenda nchi, na kijijini pekee walikuwapo Columbia watatu. Kila tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, meza moja ilitandikwa mbele ya mahakama, ndefu hata wa huku hamsikii wa kule. Nguruwe walichomwa juu ya mashimo ya makaa, mvinyo mkali wa mapichi ukazunguka, kisha bilauri zikanyanyuliwa mara kumi na tatu, kwa majimbo kumi na matatu ya mwanzo, na kila mara mzinga wa kijiji, Bi Susana, ukaitikia. Ya mwisho ilikuwa ya Muungano wa majimbo yote. Wazee waliopigana vita vya kwanza, vile vya uhuru, walilia hadharani bila kuona haya. Obadiah hakuwahi kupenda kitu kama alivyoipenda siku ile.

Kisha pamba ikapanda bei. Lemuel, aliyekuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba, akanunua shamba, akanunua na watu wa kulilima. Obadiah alibaki na nyundo yake. Bado walitaniana, ila matani yalianza kuwa na miiba.

“Ushuru huu wa Washington unatunyonya, Oba,” Lemuel alisema siku moja karakanani. “Nguo ushuru, chumvi ushuru. Wenye viwanda wa Kaskazini wanenepe, sisi tukonde?”

“Wewe umekonda wapi? Juzi nimekutobolea tundu jipya la mkanda!”

“Cheka tu. Jimbo litaikataa sheria hiyo, na wasipotaka, tunajitoa katika Muungano. Leo wanatupangia ushuru, kesho watatupangia watumwa wetu.”

Dido, mpishi wake Lemuel, alikuwa mlangoni na sufuria la kuzibwa. Aliinamisha macho. Mumewe Scipio, aliyekuwa mali ya bwana mwingine na amekodishwa karakanani, aliacha kuvuta mivukuto. Obadiah akairudia nyundo yake.

Mwaka 1832 meza zikawa mbili. Watu wa Muungano walikaa mbele ya mahakama, na wanaoikataa sheria walikaa kando ya kanisa, Lemuel akiwa mwenyekiti wao. Asubuhi pande zote mbili zilikuja kuudai mzinga. Obadiah aliwatazama, akaukokota Bi Susana hadi katikati ya barabara.

“Mzinga ni wa kijiji,” alisema. “Utalipuka hapa, kila mtu ausikie mezani kwake.”

“Na wa kidole ni nani?” mtu akauliza.

Karani mmoja aliyeanza kulewa mapema akajitolea. Keziah akamjia juu.

“Wewe hata kizibo cha chupa kinakushinda! Mume wangu, sikiliza. Lemuel asipokuja, usishindilie. Miaka kumi na saba inatosha.”

Obadiah alikubali, akakaa juu ya gurudumu akingoja. Aliogopa, na hakuwa akiogopea mikono. Bilauri za kwanza zilikuwa zimeshajazwa pande zote mbili alipomwona Lemuel anavuka barabara, mdomo umejaa nyama, akivaa kifuko chake cha ngozi cha kukingia kidole gumba, cha enzi za vita.

“Umekawia,” Obadiah alisema.

“Nilikuwa nakula. Shindilia.”

Walifyatua mara kumi na mbili. Mikono ilikumbuka kila kitu. Mpiga mbiu wa mahakamani alipoita bilauri ya Muungano, meza ya kanisani ikawaka.

“Toa kidole, Crenshaw! Toa! Asishindilie kwa kidole chetu!”

Obadiah alikuwa tayari ameingiza mti. Angeweza kuuachia akarudi nyuma. Alimtazama Lemuel, akasukuma hadi mwisho. Akasikia harufu ya nyama ikiungua, na haikuwa ya nguruwe. Ngozi ya kifuko ilikuwa kuukuu, imepasuka, na chuma kimepata moto. Jasho lilimtiririka Lemuel hadi kidevuni, lakini kidole hakikusogea. Mzinga ukalipuka.

“Lemu, mkono wako!”

“Nimekuja kwa ajili ya mikono yako,” Lemuel alisema, akipuliza kidole. “Sikuja kwa ajili ya Muungano. Usije ukasahau hilo.”

Akarudi kwenye meza yake, ambako hakuna aliyempisha kiti.

Mwaka uliofuata aliuza shamba akahamia Alabama, ambako ardhi ilikuwa mpya na hakuna aliyemjua. Obadiah alisimama njiani akampungia kofia mpaka gari la mwisho likapotea, akalia kama mtoto. Nyuma ya magari watu thelathini walikwenda kwa miguu, Dido akiwa miongoni mwao, anageuka kila hatua. Scipio alikuwa hatua mbili kutoka kwa Obadiah. Obadiah hakuyaona machozi ya Scipio, au aliyaona na hakuyatilia maanani, na mimi ninayesimulia sitamsamehe kwa hilo ingawa nilimpenda.

Lemuel hakurudi tena. Kila Julai Obadiah aliutoa Bi Susana, akausugua kwa mafuta mpaka ukang’aa, akaurudisha bandani. Wageni waliuliza kwa nini mzinga mzuri vile haulii. Huu hapa, aliwajibu, na baruti ipo, na mti upo. Kisha huonyesha kitundu kile kidogo.

“Ila wa kuziba hapa sina.”